Namna ya Kushughulikia Mizizi ya Mti Mkubwa Iliyojitokeza Juu ya Ardhi

Mti uliokomaa uani huonyesha mizizi yake kidogo kidogo, na mwenye nyumba kwa kawaida hashtuki mpaka siku mtoto anapojikwaa au mashine ya kukatia nyasi inapogonga mzizi na kuuchuna gome. Hapo ndipo shoka hutafutwa, au huletwa udongo wa kuifukia mizizi yote, na kazi ikamalizwa kwa siku moja. Kila moja ya njia hizo inaweza kuua mti uliochukua miongo kadhaa kukua, na ubaya wake ni kwamba mti haufi papo hapo. Hudhoofika polepole kwa miaka mitatu, minne au mitano, wakati ambapo aliyeikata au kuifukia mizizi hiyo amekwisha kusahau, na lawama huwaangukia wadudu au ukame. Mara nyingi jawabu lililo salama ni kuiacha mizizi pale ilipo na kubadilisha matumizi ya ardhi inayoizunguka. Kukata hubaki kwa hali chache ambazo zitaelezwa baadaye kwa masharti yake.

Sababu za mizizi kujitokeza

Wapo wengi wanaoamini kwamba chini ya ardhi mti una mizizi iliyozama sawa na urefu wa matawi yake. Sivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti uliokomaa imo katika sentimita 60 za juu za udongo, na ile myembamba inayonyonya maji na virutubisho imejaa zaidi katika sentimita 30 za kwanza, huku ikisambaa kando hadi kuupita kwa mbali ukingo wa matawi. Kinachoiweka juu ni hewa. Mzizi ni kiungo hai kinachohitaji oksijeni, na oksijeni hupungua kadiri unavyochimba kwenda chini. Kwa hiyo penye udongo mzito wa mfinyanzi, au udongo ulioshindiliwa na nyayo na magari, au mwamba ulio karibu, au maji yanayotuama, mizizi haina budi kukaa juu zaidi. Kumwagilia maji kidogo kidogo kila siku nako huichochea mizizi myembamba kukusanyika juu, kwa kuwa huko ndiko unyevu uliko. Isitoshe, ipo miti ambayo hata katika udongo mzuri huwa na mizizi ya juujuu kwa asili yake, na mikuyu pamoja na jamaa zake wengi ni mfano ulio wazi.

Sababu nyingine ni unene. Mzizi mkubwa huongeza tabaka jipya la mbao mwaka hadi mwaka kama lifanyavyo shina, hivyo mzizi uliokuwa umezama sentimita chache hunenepa mpaka mgongo wake ukachomoza, hata kama udongo haujaondoka hata chembe. Lakini pengine udongo umeondoka kweli, kwa maji ya mvua yanayoteremka kutoka paani, kwa mteremko wa uwanja, au kwa ufagio unaozoa majani yote yaliyoanguka na kuiacha ardhi tupu.

Inafaa kujua ni sababu ipi kati ya hizo mbili inayohusika, kwa kuwa tiba zake hazifanani. Chuchumaa kando ya mzizi uutazame ubavuni. Ikiwa udongo umeubana pande zote mbili na kinachoonekana ni mgongo tu, mzizi umenenepa. Ikiwa chini ya mzizi pana uwazi unaoweza kupitisha vidole, au vijizizi vyembamba vinaning'inia hewani vikiwa vimekauka, basi udongo umechukuliwa na maji. Alama nyingine hupatikana kwenye ukuta au nguzo ya ua iliyo karibu, ambako mstari wa udongo wa zamani hubaki ukionekana juu ya usawa wa sasa.

Uchunguzi wa awali

Kabla ya kugusa chochote, lifahamu tako la mti, yaani sehemu ya chini ambapo shina hupanuka na kugawanyika kuwa mizizi mikuu. Sehemu hiyo imeumbwa kukaa nje. Gome lake halivumilii unyevu wa daima kama livumiliavyo gome la mizizi, na likifunikwa na udongo huoza na kufungua mlango kwa kuvu. Kwa hiyo mizizi minene inayoonekana karibu kabisa na shina si kasoro hata kidogo, na mwenye kutaka kuifukia ili uwanja upendeze anashindana na umbile la mti. Kasoro ingekuwa shina linaloingia ardhini likiwa limenyooka kama nguzo, bila upanuzi wowote. Hiyo ni dalili kwamba lilikwisha kufukiwa zamani, au kwamba upo mzizi unaolizunguka na kulikaba.

Angalia pia kama kuna uyoga unaoota kwenye tako au juu ya mizizi, kama mti umeanza kuinama, na kama udongo wa upande ulio kinyume na mwinamo umepasuka au kuinuka. Dalili hizi zinahusu usalama wa watu na nyumba, na anayeziona asiendelee na mwongozo huu bali amwite mtaalamu wa miti aje aukague.

Hatimaye pima kipenyo cha shina, kwa maana umbali wote utakaotajwa katika sehemu ya kukata unategemea kipimo hicho. Zungusha futi kamba kwenye shina katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, kisha gawanya mzingo uliopata kwa 3.14. Shina lenye mzingo wa sentimita 126 lina kipenyo cha sentimita 40 hivi.

Kuondoa nyasi na kuweka matandazo

Ugomvi mwingi baina ya watu na mizizi si ugomvi na mti hasa, bali ni ugomvi wa nyasi. Nyasi hazipendi kivuli, hugombania maji na mizizi, na zinalazimisha mashine ipite mahali isipopaswa kupita. Kila mara mashine inapochuna mzizi, jeraha hilo huwa njia ya vimelea vya kuoza, na jeraha dogo linalorudiwa kila wiki halipati nafasi ya kufunga. Maoni yangu ni kwamba mwenye mti mkubwa asihangaike kuotesha nyasi chini yake. Eneo hilo alipe mti, na kazi ya kulitunza itapungua kwa wote wawili.

Nyasi ziondolewe kwa mkono au zikatwe ziwe fupi kabisa, bila kulima. Jembe lisitumike chini ya mti kwa hali yoyote, kwa kuwa ndani ya sentimita chache za juu kuna utando wa vijizizi vyeupe, vyembamba kama uzi, ambavyo ndivyo vinavyoulisha mti wote; fukua kidogo kwa vidole chini ya majani yaliyooza utaviona vikiwa vimeshikamana na vipande vya majani yenyewe. Kisha tandaza vipande vya mbao vilivyokatwakatwa na mashine, magome, au majani makavu, kwa unene wa sentimita 5 hadi 10. Katika udongo mzito usiopitisha maji vizuri, sentimita 5 au 6 zinatosha. Majani mabichi ya nyasi yaliyotoka kukatwa hayafai kurundikwa mazito, kwa sababu hugandamana, hupata joto na kuzuia hewa.

Matandazo yaanze sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye shina na kuenea kuelekea ukingo wa matawi kadiri nafasi inavyoruhusu. Mtindo wa kuyarundika yapande shinani kama kichuguu umeenea mno, hata katika bustani zinazotunzwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, na hauna faida yoyote: unalowesha gome, unawapa panya maficho, na unaweza kuchochea mizizi mipya kuota ndani ya rundo na kulizunguka shina. Vilevile usitandike karatasi ya plastiki wala kitambaa cha kuzuia magugu chini ya matandazo. Plastiki huzuia maji na hewa, na kitambaa baada ya muda huziba matundu yake kwa udongo na kuizuia mboji isishuke.

Si lazima migongo ya mizizi yote ifunikwe. Lengo ni kujaza mabonde yaliyo katikati yake ili mguu ukanyage mahali sawa na mashine isiwe na sababu ya kusogea. Matandazo huoza na kuwa chakula cha udongo, kwa hiyo yaongezwe takriban mara moja kwa mwaka, kwa kiasi cha kurudisha unene ule ule tu. Hofu kwamba mbao zinazooza zitaunyang'anya mti naitrojeni ina ukweli pale zinapochanganywa ndani ya udongo. Zikikaa juu, athari hiyo huishia kwenye tabaka jembamba la juu na mti uliokomaa haiuhusu.

Kurudisha udongo uliochukuliwa na maji

Kama uchunguzi umeonyesha kwamba udongo uliondoka, ni halali kuurudisha, lakini kwanza maji yazuiwe. Yaelekeze maji ya paani kwingine, au weka mawe na mimea katika njia yake ili yapunguze kasi. Vinginevyo udongo wa pili utafuata njia ya ule wa kwanza. Kisha tumia udongo unaofanana na uliopo. Mfinyanzi uliowekwa juu ya kichanga huwa kama kifuniko. Changanya mboji kidogo ukitaka, ujaze mianya iliyo chini na kando ya mizizi kwa mkono, bila kushindilia, na tabaka lolote linalopita juu ya ardhi iliyokuwapo lisizidi sentimita 2 au 3 kwa mara moja. Subiri msimu mzima kabla ya kuongeza jingine, na ukomo wa jumla uwe sentimita 5 hivi. Mahali ambapo udongo haukuondoka, usiongeze kabisa. Mizizi iliyozikwa ghafla chini ya sentimita 15 au 20 za udongo hukosa hewa, na hata ile inayookoka hupanda tena juu kuitafuta, hivyo baada ya miaka michache tatizo hurudi likiwa na mti uliodhoofika juu yake. Kwa sababu hiyo hiyo, kile kitalu cha matofali kinachojengwa kulizunguka shina na kujazwa udongo wa maua ni pambo ghali kwa mti.

Anayependa kijani badala ya matandazo anaweza kupanda mimea mifupi inayotambaa na kuvumilia kivuli. Apande miche midogo sana, kila mmoja katika shimo la ukubwa wa ngumi lililochimbwa kwa mwiko wa bustani, na akikutana na mzizi mnene kuliko kidole asogee kando. Miche hiyo itahitaji maji kwa misimu yake ya mwanzo kwa sababu mti ulio juu yake unakunywa kuliko yenyewe.

Palipo na njia au sakafu

Mizizi hupenda kupita chini ya zege. Bamba la zege huzuia unyevu usipotee, na kati yake na kifusi kilichoshindiliwa hubaki mwanya wenye hewa, ambao mzizi mchanga huuingia kwa urahisi na kuanza kunenepa humo. Kuukata mzizi huo na kumwaga zege jipya hununua muda mfupi tu, na kwa kuwa mzizi ulio chini ya njia mara nyingi ni mmoja wa ile inayoushikilia mti dhidi ya upepo, gharama yake inaweza kuonekana siku ya dhoruba.

Palipo na nafasi, ni afadhali njia ikunjwe iuzunguke mti. Pasipo na nafasi, ondoa bamba lililoinuka na uweke mahali pake kokoto au mawe bapa yaliyolazwa juu ya mchanga bila saruji, ambayo yatapanda na kushuka pamoja na mzizi na yanaweza kupangwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Njia inayopitwa na watu wengi, au na mwenye kiti cha magurudumu, inafaa ijengwe kwa mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo fupi, mashimo ya nguzo yakichimbwa kwa mkono na kuhamishwa kila yanapoangukia mzizi mkubwa.

Kuhusu mabomba ya maji machafu, mzizi kwa kawaida hauvunji bomba zima. Hufuata unyevu unaovuja kwenye kiungo kilicholegea, ukaingia na kuziba. Kwa hiyo kinachotengenezwa ni bomba.

Iwapo kukata hakukwepeki

Zipo hali ambazo mzizi lazima ukatwe, kama vile kupitisha mtaro usio na njia nyingine, au kuondoa mzizi mmoja unaolikaba shina. Masharti yafuatayo yachukuliwe kwa uzito. Ndani ya umbali wa mara tatu ya kipenyo cha shina usikate mzizi wowote mnene, kwa sababu hapo ndipo ilipo mizizi inayoubeba mti. Kwa shina la sentimita 40 umbali huo ni mita 1.2. Umbali ulio salama zaidi ni mara sita hadi nane ya kipenyo, yaani mita 2.4 hadi 3.2 kwa mti huo huo. Mzizi unaozidi sentimita 5 kwa unene usikatwe bila ushauri wa mtaalamu, hata ukiwa mbali. Kata upande mmoja tu wa mti, na upite muda wa miaka kadhaa kabla ya kugusa upande mwingine. Mti ambao tayari unainama, una uyoga shinani au una matawi yaliyokauka juu usikatwe mizizi kabisa.

Chagua wakati ambapo mti haupo katika ukame wala hauchipui majani mapya. Fukua udongo kwa mkono au kwa maji ya mpira mpaka mzizi uonekane pande zote, ufuate kidogo ili uhakikishe si tawi la mzizi mkubwa kuliko ulivyodhani, na usafishe udongo kwenye sehemu ya kukata, kwa kuwa mchanga huharibu meno ya msumeno. Kata kwa msumeno mkali uliosafishwa, mkato mmoja ulionyooka. Mkato mzuri huacha uso laini wenye gome lililoshikamana na mbao kuzunguka ukingo wote. Ukiona gome limechanika na kuning'inia, rudi nyuma sentimita chache ukate tena. Shoka, sululu na hasa mashine ya kuchimbia hupasua mzizi kwa urefu hadi karibu na shina, nalo ni jeraha baya kuliko mkato wenyewe. Usipake rangi, lami wala dawa ya kuziba. Mti una njia yake ya kulitenga jeraha, na vitu hivyo havisaidii. Rudisha udongo siku hiyo hiyo ili ncha na vijizizi vilivyofukuliwa visikauke, kisha mwagilia hadi ulowane vizuri.

Baadhi ya mafundi hushauri matawi yapunguzwe ili yalingane na mizizi iliyobaki. Ushauri huu wa zamani haufai tena. Chakula cha kuotesha mizizi mipya hutengenezwa na majani, na kuyapunguza ni kuunyima mti kile unachokihitaji wakati huo. Ondoa matawi makavu pekee. Mbolea kali ya naitrojeni nayo isubiri, kwa kuwa inasukuma majani mapya yanayodai maji ambayo mizizi haiwezi kuyaleta.

Mzizi unaolikaba shina hushughulikiwa tofauti kidogo. Ukiwa mwembamba na haujazama ndani ya gome, hukatwa pande mbili kwa tindo na kipande cha katikati kuondolewa. Ukiwa umezama, kata ncha zake na ukiache kipande hicho mahali pake kioze, kwa sababu kukichomoa hulichuna shina.

Haifai pia kuchonga mgongo wa mzizi ili uwe bapa, kumwaga chumvi, mafuta ya taa au dawa ya kuua magugu juu yake, wala kuchoma takataka hapo. Dawa iliyopuliziwa machipukizi yanayotoka kwenye mzizi inaweza kusafiri hadi kwenye mti mama. Machipukizi hayo yakatwe kwa mkono.

Uangalizi wa baadaye

Kama udongo umeshindiliwa, kero haitaisha kwa matandazo peke yake katika mwaka wa kwanza. Zuia magari na vitu vizito visiwekwe chini ya matawi. Wataalamu wana kifaa cha hewa yenye kani kubwa kinachopuliza udongo na kuulegeza bila kukata mizizi, na kwa mti wenye thamani gharama yake inastahili. Mwagilia kwa nadra na kwa wingi, maji yafike kina cha sentimita 20 au 30. Hakikisha kwa kuchomeka fimbo ya chuma: katika udongo uliolowana huzama bila shida na hukwama pale ukavu unapoanza.

Mti uliokatwa mizizi uangaliwe kwa angalau miaka mitano, hasa upande wa matawi ulio juu ya mkato. Majani madogo kuliko kawaida, majani yanayopukutika kabla ya wakati wake, na vitawi vinavyokauka kuanzia ncha ni dalili kwamba mizizi iliyobaki haitoshi. Zikitokea, ongeza maji wakati wa ukame, usikate kitu kingine chochote, na umwite mtaalamu akague tako la mti kabla ya msimu wa upepo mkali.